Honi ya Mdomo

Baba mdogo aliendesha treni za dizeli hadi alipostaafu, na sasa anaendesha moja yenye urefu wa kiganja, juu ya meza ya kulia, nyumbani kwake Mtito Andei. Binti yake aliye ng'ambo ndiye aliyemtumia. Ndani ya injini mna kadi ndogo ya sauti, ambayo inapaswa kunguruma treni ikienda. Ile ya kwanza ilikohoa tu. Wastaafu wenzake wa reli walikuwa wakiingia baada ya kanisa na swali lile lile: "Dreva, mbuzi wako amepona?"

Alicheka nao. Wakishaondoka, aliifunika treni kwa gazeti.

Kwa kuwa nina digrii ya umeme na sina kazi, niliitwa kutoka Matinyani nibadilishe kadi. Kwanza nilisoma mtandaoni kwenye vikundi vya wapenzi wa treni ndogo, ambako wanaume wazima hununiana kwa sababu ya rangi ya skrubu. Niliwadharau, kisha nikasoma kila neno. Waya mwekundu ni wa reli ya kulia. Kulia kwa nani? Nikichanganya wa reli na wa mota, kadi itaungua, na hakuna duka kutoka hapa hadi Kitui lenye nyingine. Nilishika chuma cha kulehemu kama mtu anayemdunga kifaranga sindano.

Kadi ikafanya kazi. Ikaanza kwa kengele.

"Hii ni treni ama ni kanisa?" baba mdogo akauliza.

Nikamchezea sauti zote zilizokuwemo, za Marekani, za Ujerumani, hata za mvuke. Hakuna hata moja ya injini aliyoendesha yeye. Waliotengeneza kadi walirekodi hadi mlango wa behewa ukifungwa, ila Ukambani hawakufika. Nikapendekeza turekodi treni mpya ya abiria inayopita hapo nje.

"Hiyo inalia kama friji." Akaniambia niwashe simu, akavuta pumzi, akapiga honi kwa mdomo.

Kadi ya kisasa namna hiyo, halafu tuitie mdomo wa mzee! Nilimwonea aibu kabla hata hajachekwa. Yeye akajaza mashavu tena, sasa akatoa ngurumo. Nikaziweka zote mbili kwenye kadi.

Jumapili wenzake wakaja. Treni ikazunguka bakuli la sukari ikinguruma kwa koo la baba mdogo. Nilisubiri kicheko. Yule mwenye mdomo kuliko wote akainama hadi sikio likakaribia reli.

"Rudia honi."

Nikarudia.

"Dreva, wewe hukuwa unapiga fupi hivyo. Pale ng'ombe wanapovukia ulikuwa unatuamsha sisi wote."

"Huyo ulikuwa wewe!" baba mdogo akamjibu.

"Na breki je?" akadakia mwingine. "Injinia, mbona haina breki? Leta hiyo simu."

Akakunja midomo, akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa kiumbe hai, mate yakatua kwenye skrini yangu. Mwenzake akamsukuma kwa kiwiko. "Hiyo si breki, hiyo ni meno yako. Nipishe."

Baba mdogo alikuwa ameketi mwisho wa meza, kidhibiti mkononi.

"Pangeni laini," akawaambia.