Alama ya Korosho Shavuni

Nina miaka hamsini na sita, na shavu langu nililiunguza mwenyewe. Kulisema hilo kulinichukua siku tisa, na mzigo wa siku hizo tisa aliubeba mume wangu.

Binti yetu alikuwa anaolewa. Akanipeleka kwa mpambaji hapa Nachingwea tujaribu vipodozi kabla ya siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga. Mpambaji, msichana mwenye mkono mwepesi, alinipaka losheni, akasubiri ikolee, kisha fandesheni kidogo tu. Ngozi ya mtu mzima, alisema, ukiibebesha poda inaingia kwenye mikunjo na kukuzeesha zaidi. Akasema pia kwamba vile vinyama vyeusi vilivyonitoka shavuni tangu nifikishe arobaini havifichiki, tuviache vilivyo. Mimi nilisikia kwamba havifichiki. Hilo la kuviacha halikuniingia.

Utotoni tulikuwa tukijichora mikononi kwa mafuta ya ganda la korosho. Yanaunguza, ngozi inabambuka, alama inabaki. Nikajisemea, yanayobambua ngozi yatashindwa na kinyama? Nikapasua korosho ghafi, nikachovya njiti ya kiberiti, nikagusa vinyama vitatu. Kwenye cha tatu nilichovya kupita kiasi, tone likateremka hadi tayani. Asubuhi shavu lilikuwa limeumuka kama andazi.

Mume wangu aliporudi kutoka shambani nilimwambia ukweli, kisha nikamwapisha asimwambie mtu yeyote. Mwalimu mzima, mama wa bibi harusi, nimejiunguza kwa mchezo wa watoto. Hakunicheka. Alinipeleka zahanati. Muuguzi alimtazama, akamwomba asubiri nje, akaniuliza taratibu ni nani aliyenifanyia vile. Nikasema mafuta ya chapati yaliniruka. Aliandika, lakini niliona wazi kwamba hakuniamini.

Kuanzia hapo sikuwa na amani. Sokoni wanawake walinisalimia kwa sauti ya msibani. Watu waliozoea kucheza bao na mume wangu wakawa na haraka kila wakimwona. Kila asubuhi niliapa kwamba leo nasema, na kila jioni nilikuwa nimemeza mate tu. Niliogopa kuchekwa, nikaogopa zaidi kwamba nimechelewa. Yeye aliniuliza tu kama kidonda kinauma.

Sendofu ilifanyika Ruangwa, nyumbani kwa mdogo wangu wa kiume. Kwetu mtoto ni wa mjomba, na siku kama hiyo neno la mjomba halipingwi. Nilikuwa chumbani, kitini, nusu ya uso imeshapakwa, alipoingia na kusimama mbele yangu. Hakuketi.

"Dada, lisemwalo lipo," alisema. "Kama ni shemeji aliyekuchoma, leo hakai meza ya mbele. Na mtoto simtoi mbele ya macho yake."

Mkono wa mpambaji ulibaki hewani na brashi yake.

"Ni mimi," nikasema. "Kwa korosho. Nilitaka kutoa vinyama."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha. Nilielewa anachofikiri: wanawake wangapi wamewakinga waume zao kwa maneno kama hayo? Nikaukamata mkono wake, nikalipandisha shati hadi juu ya kiwiko. Herufi ya jina lake ilikuwa bado ipo, ng'avu, imekunjamana pembeni. Nilimchora mimi kwa ganda la korosho nikiwa na miaka tisa, naye akilia.

"Na huu nani aliuchoma?"

Alitazama mkono, akatazama shavu, akarudi kwenye mkono. Akaketi kitandani.

"Kumbe dada hujaacha," alisema, na kicheko kikamshika mpaka akafuta machozi.

Alitoka mwenyewe kumtafuta mume wangu, akamshika mkono na kumkalisha meza ya mbele, watu wote wakiona. Nami nikaenda kuketi kando yake, shavu langu likiwa na poda kidogo na alama yake yote. Nikamnong'oneza kwamba anisamehe, na kwamba hata kama nilimwapisha, walipoanza kumkwepa angewaambia tu ukweli.

"Ningesema mimi," alijibu, "nani angeniamini?"