Motokari Isiyo na Mahali pa Kushikia

"Tutaishikia wapi?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza Papa Bauma siku niliyofika kijijini kwetu Kibabi, huko Masisi, na motokari yangu nyekundu, na mimi, niliyewachosha maprofesa kwa maswali, nilimjibu swali ambalo hakuuliza. Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, kuliko siku niliyopewa diploma.

Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka kumi na mitatu tu, kwa sababu mama yako ni dada yangu mkubwa, na kwetu mama mdogo ni mama. Jana ulinitumia picha ya gari la mbio la milango miwili, lililokwisha tumika, ukaniandikia: "Mama mudogo, niangalie nini mbele ya kununua?" Nilitaka kukujibu kwa mstari mmoja. Mimi si mtu wa nasaha. Nilipokuwa na umri wako, mzee akisema "sikiliza", mimi nilianza kutafuta kosa katika maneno yake, na mara nyingi nililipata. Hata leo siamini kwamba mvi ni ushahidi. Lakini umeuliza kuhusu gari, na kwa gari nina la kusema, hata kama litakuchosha.

Motokari yangu niliinunua Goma, kwa komisionere mmoja, dalali aliyevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Sikumwamini hata kidogo, na nilijivunia kutomwamini. Aliniambia nije saa nne. Nikaja saa moja, kabla hajaipasha moto, nikaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha ni baridi, ndipo nikamwomba aiwashe. Fanya hivyo na wewe. Gari la mbio lililochoka huficha uchovu wake likishapata joto. Asubuhi ndipo linakohoa. Nilitazama rangi ya moshi. Nilifungua kifuniko cha oili nikatafuta ule utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, unaoonyesha kwamba maji yameingia mahali pasipo pake. Nilivuta mpira wa mlango nione kama rangi ya chini ni nyekundu vilevile. Namba ya chesisi niliilinganisha na karatasi za forodha, tarakimu kwa tarakimu. Kilometa zilionyeshwa chache, lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi kwenye chuma, nami nikamwonyesha.

"Weye dada," komisionere akasema, "uko polisi ao unanunua motokari?"

"Nanunua. Njo maana nauliza."

"Bwana yako atapata taabu."

"Sina bwana."

"Sasa nimejua sababu."

Watu wote pale parkingini walicheka. Hata mimi.

Fundi niliyekwenda naye alikuwa mzee mkimya. Alilala chini, akachungulia tumbo la motokari, akainuka na kujipangusa mgongo. Akaniambia kwamba springi zimekatwa ili ikae chini, na kwamba lile bati la kukinga karteri, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, halipo. Komisionere akasema hiyo njo mode, mtindo wa sasa. Niliitazama jinsi ilivyolala karibu na ardhi kama mnyama anayenyemelea, nikaona ni nzuri, na maswali yangu yakaishia hapo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nafikiri nilitaka kurudi nyumbani na kitu ambacho hakuna mtu angebishana nacho. Msichana amesoma miaka mitano, hana mume, hana mtoto, kazi yake ya ofisini hakuna anayeielewa. Motokari ingejibu kwa niaba yangu.

Kulikuwa kiangazi, barabara imekauka. Hata hivyo kutoka mji wa Sake hadi kwetu nilitumia siku nzima, na mara tatu niliomba vijana wa njiani wanisukume. Nilipofika, akina mama walikuwa wanarudi shambani na maharage kichwani.

"Mbona imechuchumaa?" mmoja akauliza. "Inataka kutaga?"

"Wacha," mwingine akadakia, "iko naomba Mungu. Imeona barabara yetu, imepiga magoti."

Papa, babu yako, alikuja mikono ikiwa na udongo. Akaizunguka mara mbili, mikono nyuma, asije akaichafua. "Iko muzuri, Furaha," akasema. Sikumbuki kama aliwahi kunisifu hivyo kwa kitabu chochote nilichosoma.

Kisha akaja Papa Bauma. Wewe hukumjua vizuri, kwa hiyo nikueleze. Alikuwa mkubwa wa watu wa kipoyi, ile machela yetu ya miti na kamba. Mgonjwa akizidiwa mlimani, wanaume sita wanambeba, na habari inatangulia mlima kwa mlima, ili kila mlima uweke sita wengine kwenye mpaka wake wakiwa wamepumzika, wampokee na kwenda mbio. Ukiona kipoyi kinapita, humwoni mtu aliyechoka. Ndivyo wewe mwenyewe ulivyozaliwa hospitali na si njiani; mama yako atakuambia.

Papa Bauma alichuchumaa, akajaribu kupitisha ngumi chini ya motokari. Haikupita. Akakunjua vidole, akapitisha kiganja.

"Kipoyi iko na mikono ine," akasema. "Ngombe ikianguka mu shimo, tunashika pembe, tunashika mukia. Hii yako, ikilala mu njia, tutaishikia wapi?"

"Papa Bauma, haitalala."

"Sikuuliza kama italala."

Siku ya tano mvua ya kwanza ikanyesha, mapema kuliko ilivyozoeleka. Siku ya sita asubuhi ngiri ya Papa, ambayo kwa miaka mingi aliisukuma ndani kwa kidole akaendelea kulima, ilikaza na kukataa kurudi. Alianza kutapika. Kabla jua halijapanda, Papa Bauma na watu wake walikuwa uani na kipoyi, na milima minne kuelekea hospitali ilikuwa imekwisha pigiwa simu.

Nikasema hapana.

Nilipiga hesabu mbele ya watu wote. Kipoyi, saa tano. Motokari, hata kwa barabara ile, saa moja na nusu. Ngiri iliyokaza haisubiri. Hilo nilikuwa nimelisoma kwenye simu yangu dakika chache kabla. Nilisema vizuri, mwanangu. Ningekuwa ninatetea tasnifu chuoni ningepata distinksio.

Mama yako alisimama mlangoni. "Furaha, mule ndani Papa awezi kulala. Utamukunja kama nguo?"

"Dada, afazali akunjwe afike."

Papa Bauma hakunitazama mimi. Alimtazama Papa. Papa akasema, "Nitapanda ya Furaha." Ndipo Papa Bauma akapiga simu mlima wa kwanza, akawaambia wapeane habari: rudini mu mashamba, amepata motokari. Nilikwenda kufuta matope kwenye vioo. Nilipogeuka, Papa alikuwa bado kwenye kiti cha uani, ameinama, anamwambia Papa Bauma maneno kwa sauti ya chini. Nilidhani wanaagana.

Kumwingiza kulikuwa kama kumteremsha mtu kisimani. Kiti kilikuwa chini kuliko magoti yake. Mama yako hakupata nafasi. Kiti cha nyuma kilitengenezwa kwa ajili ya mkoba. Tukaondoka wawili.

"Iko na kiti muzuri," Papa akasema, jasho likimtoka.

Baadaye akasema, "Enda polepole, Furaha."

Nilipunguza mwendo, nikidhani ni kwa sababu ya maumivu. Kila baada ya muda kidogo alitazama kioo cha pembeni, upande wake. Nilifurahi, nikidhani anakipenda.

Jiwe halikuwa kubwa. Mvua ilikuwa imeuosha udongo juu yake, likatokeza katikati ya njia. Motokari nyingine yoyote ya Masisi ingelipita kama haijaliona. Nilisikia mlio kama sufuria inayopigwa na shoka. Taa ya oili ikawaka, injini ikagonga mara kadhaa, ikanyamaza. Nilishuka, nikaona mstari mweusi wa oili juu ya matope nyuma yetu. Bondeni hapo hakuna nyumba, hakuna mtandao. Nilikwenda nyuma nikajaribu kuisukuma, angalau ifike penye mteremko. Palikuwa laini kote, hakuna ukingo wa kutia vidole. Nilishika bampa ya plastiki, ikabanduka, nikabaki nayo mikononi kama sinia. Ndani ya motokari Papa alikuwa bado anatazama kioo cha pembeni.

Kisha nikawasikia watu wanapumua. Papa Bauma na watano wake walitokea kwenye kona, miguu yote matope, kipoyi begani.

"Mumejuaje?" nikalia.

"Tulikuwa tunapita," akasema Papa Bauma.

Walikuwa wanapita! Wanaume sita, na kipoyi kitupu, na ndani ya kipoyi blanketi la kitanda cha Papa, lile la mistari ya kijani. Nililiona. Mimi ninayeuliza kila kitu, siku hiyo sikuuliza. Nilisema asante Mungu, nikaamini, kwa sababu kuamini kulinifaa.

Walimbeba. Lakini kwenye mpaka wa mlima wa pili hapakuwa na mtu, wala wa tatu, wala wa nne. Wote walikuwa mashambani, mbali, kama nilivyowatuma. Watu sita wakafanya kazi ya ishirini na wanne. Mara nne walimweka chini, si kwa uvivu, bali miguu ilikataa. Tulifika alasiri. Nesi aliuliza, "Mulitoka nyumbani saa ngapi?" Nikadanganya. Daktari alimpasua akakuta utumbo umekwisha kufa kabla ya mwenyewe. Papa alichukua siku moja zaidi kuufuata.

Sasa umeuliza nini cha kuangalia. Nenda asubuhi, gusa boneti, fungua kifuniko cha oili, linganisha namba ya chesisi, usidanganyike na kilometa. Muulize nani aliliendesha kabla yako, maana gari la mbio hununuliwa ili likimbizwe, na deni la kukimbizwa huko utalirithi wewe. Uliza kipuri kikivunjika kinapatikana wapi. Hayo yote ni kweli, na mimi niliyafanya karibu yote. Lakini kabla ya hayo lala chini ya gari, mwenyewe, uchafue nguo, uone kinacholinda tumbo lake. Hesabu viti ukiwa umemfikiria mgonjwa amelala, si rafiki anayepiga picha. Halafu ipite barabara utakayoipita, kwa miguu, baada ya mvua, ukiwa na kiganja chako cha kupimia. Na fundi akikuambia neno moja tu kwa siku nzima, libebe hilo neno uende nalo nyumbani, ulilalie, kabla hujaona uzuri wowote.

Na jiulize gari hilo linajibu swali la nani. Kama linawajibu watu wanaokucheka, achana nalo. Watakucheka tena.

Zamani ningeongeza: usiwarudishe watu wa kipoyi mashambani. Leo neno hilo halina kazi. Unaijua hali ya Kibabi kwa vita hivi. Nusu ya mlima imehama, maharage ya wengine yanaoza kwenye mabua, watu wa kipoyi wametawanyika kwenye kambi na kwa ndugu. Ukikwama kwenye bonde lile leo, utapiga kelele na mlima utakurudishia kelele zako. Sina cha kukufariji hapo. Motokari yangu haikutoka bondeni. Waliichukua vipande vipande, na kiti alichokaa Papa nilikikuta kwa kinyozi mmoja wa njiani. Watu wanakaa wananyolewa na kusema ni kizuri.

Mungu, ambaye naye bado namuuliza maswali, akulinde njiani kwenda na kurudi, mwanangu. Akupe macho ya kuona chini ya vitu. Siku utakapokosea, akukutanishe na watu wenye mabega.

Jambo la mwisho nililijua miaka minane baadaye. Nilikuwa nimekwenda Kashebere kumtafuta shangazi, nikamkuta Papa Bauma anauza mihogo kando ya barabara, amekonda, meno machache. Nilimnunulia chai. Hapo ndipo nilipomuuliza, kwa kuchelewa, siku ile walikuwa wanapita kwenda wapi.

Alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

"Papa yako njo alituomba," akasema. "Pale kwa kiti, weye ukiwa unapanguza vioo. Alisema, 'Nifuateni kwa miguu, nitamuambia aende polepole. Lakini musiite tena ile milima ingine. Sitaki wote bajue kama motokari ya mutoto wangu haikufika.'"