Hesabu Iliyomshinda Mama

Juzi, huko Mtambile, nilimwona mwanamke akichambua karafuu barazani huku mtoto wake akimsomea kitabu. Harufu ile ilinirudisha kwetu.

Mguu wangu ulikuwa mgonjwa na skuli ilikuwa mbali, kwa hiyo mama alinisomesha mwenyewe juu ya jamvi, vidole vyake vikitenga karafuu na vijiti vyake, makonyo. Alasiri moja tulifika kwenye hesabu za kugawanya. Mama aliitazama hesabu, akaifuta, akaiandika tena. Kisha alijitanda kanga akatoka.

Nilidhani amenichoka. Nyumba ya pili, kwa Bi Time, nilisikia vicheko, nikaamini wanaucheka ujinga wangu. Nililia kimya kimya.

Bi Time mwenyewe ndiye aliyenihadithia nilipokua. Mama alimwambia, "Nisomeshe miye kwanza, nami nikamsomeshe mwanangu."

"Kwani wewe skuli ulikuwa ukifanya nini?"

"Nikichuma mabungo, shoga yangu!"

Walirudi pamoja, Bi Time na pakacha lake la karafuu. "Leo nachambulia hapa hapa," alisema, akakaa karibu nasi. Mama alianza kunieleza hesabu polepole, na kila alipokosea, Bi Time alikohoa. Nilidhani ana kifua.

Jawabu lilipopatikana, mama alipiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia. Siku ile nilidhani ananishangilia mimi tu.