Mkunga na Muuaji wa London

Suhaila Khamis, mzaliwa wa Tanga, alikuwa mkunga katika hospitali moja ya Westmead, jijini Sydney, Australia, na akikaa mtaa wa Penrith. Kila Jumamosi asiyokuwa na zamu alikwenda maktaba ya mtaa, kwenye darasa la mazungumzo ya Kiingereza. Aliyemvuta huko ni jirani yake Njeri, Mkenya aliyechoka kukaa nyumbani peke yake na mimba yake ya kwanza. Wawili hao walikwisha kupatana kwamba uchungu ukimshika Njeri, atakayemzalisha ni Suhaila.

Mwaka huo, 1994, mwalimu wao Vicky, mama mstaafu aliyependa sana visa vya upelelezi, aliwaletea habari ya muuaji wa London wa mwaka 1888. Aliwaua wanawake maskini, watano kwa hesabu ya wengi, na mpaka leo hajajulikana. Watu walimbandika jina la kiume. Lakini wapo waliodai, alieleza Vicky, kwamba alikuwa mwanamke, na huenda mkunga. Darasa zima likamgeukia Suhaila na kucheka. Naye akacheka.

Vicky akatangaza mjadala wa Jumamosi iliyofuata. Suhaila alipewa upande wa kutetea kwamba muuaji alikuwa mkunga. Alijitayarisha ndani ya treni, akienda na kurudi kazini.

"Mama yangu alikuwa mkunga," alianza, kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Alfajiri alirudi nyumbani na damu kwenye kanga. Waliokuwa wakienda msikitini walimpisha njia wakamwamkia. Hakuna aliyemuuliza damu ile ni ya nani. Polisi wa London walikuwa wakitafuta mwanamume. Mwanamke mwenye mkoba, anayejulikana mtaa mzima, nani angemsimamisha? Na wanawake wale wangemwogopea nini? Akikwambia lala, unalala."

Mzee mmoja Mgiriki alipinga, akidai mwanamke hawezi unyama wa namna ile, lakini alisema bila nguvu. Kura zilipopigwa, karibu mikono yote iliinuka upande wa Suhaila. Wa Njeri uliinuka mwisho.

Wakiwa garini wakirudi nyumbani, Njeri alimgeukia.

"Umenitisha, dada."

"Ulikuwa mjadala tu, Njeri."

"Najua."

Siku chache baadaye Njeri alikuja kumwambia kwamba ameona afadhali azalishwe na mkunga mwingine. Alisema kwa adabu, macho yake sakafuni. Suhaila alimjibu kuwa ni haki yake, akamtilia chai.

Lipo jambo ambalo darasani hakulisema. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, Mwanaidi, mke wa fundi cherehani, alitokwa damu mpaka akafa mikononi mwa mama yake Suhaila. Mtaa ukasema mkunga amemuua. Wengine waliongeza kwamba alimtaka mume wa marehemu. Haukupita muda, hakuna tena aliyekuja kumbishia hodi mama yake, akawa anauza vitumbua. Suhaila akasomea ukunga wa vyeti na sare, na habari za Mwanaidi hakuziuliza kamwe.

Jumapili ile alipiga simu Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wazima huko?"

"Wazima. Mama, Mwanaidi alikufaje?"



"Leo ndiyo unaniuliza?"

"Leo, mama."

"Kondo la nyuma lilikwama. Nilimwambia mumewe tumkimbize hospitali, akasema tumngoje kaka yake mwenye gari. Huyo kaka akachelewa."

"Kwa nini hukuwaambia watu?"

"Niliwaambia. Walikuwa wameshaamua." Kisha akauliza, "Na wewe, ulidhani nini?"

"Sikujua nidhani nini."

"Haya," alisema mama. "Nilikuwa najua."

Wakaongea habari za mvua na za wajukuu, kisha wakaagana. Suhaila alibaki ameketi, mkono juu ya simu.

Jumamosi iliyofuata aliomba dakika chache darasani, akawasimulia kisa cha Mwanaidi chote. Aliwaambia kwamba hoja aliyoitetea haina ushahidi hata mmoja, na kwamba majirani wa Tanga walihitaji hoja chache kuliko zake ili kumhukumu mama yake. Mzee Mgiriki aliuliza kama kura irudiwe. Vicky alifikiri, akasema hapana, wakaingia somo jingine. Njeri hakuwapo.

Njeri alijifungua mtoto wa kike mwezi uliofuata, hospitali ile ile, mikononi mwa mkunga mwingine. Zamu ilipokwisha Suhaila alipita kumpa hongera. Alimkuta anatokwa machozi, mtoto analia.

"Hanyonyi, dada. Tangu asubuhi."

Suhaila alinawa mikono, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamgeuza mtoto ubavu na kumwinua kidevu. Mara ya tatu mtoto alishika titi.

"Dada, kuhusu lile jambo..."

"Mwache anyonye kwanza."

Hawakulizungumza tena. Mtoto wa pili wa Njeri, wa kiume, alizaliwa mwaka 1997, na aliyempokea alikuwa Suhaila.