Mume wa Natiki

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimekuwa muuguzi karibu miaka ishirini, nusu nyumbani Kenya na nusu hapa Maskati, na nimeona watu wakizaliwa na wengine wakifa kabla hata sijanywa chai ya saa nne. Lakini kwa Bi Mkubwa nilishangaa, na mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Nilichukuliwa kumtunza nyumbani kwa binti yake, ghorofa ya tatu pale Al Khuwair, wiki chache baada ya mumewe kufariki. Siku ya tatu ya msiba kiharusi kilimpiga. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakampotea yote isipokuwa moja: "taa." Akitaka maji, taa. Akiumwa, taa. Akimkumbuka mumewe, alikitazama kitanda cha marehemu kilichotandikwa vizuri kando ya chake, akasema taa, kisha akajipiga paja kwa hasira.

Binti yake alifanya kazi wizarani na hakuwa mtu wa machozi. Lakini siku moja jikoni yalimshinda.

"Mama hajamlilia Baba hata kwa neno moja," aliniambia. "Nnaogopa atakwenda nalo hivyo hivyo, limemkaa kifuani."

Hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta katika nyumba ile, neno la kumlilia mume.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa eda. Kwa Waislamu, mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi wala hajitii manukato. Mlinzi wa eda ile alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, ambaye sote tulimwita Shangazi. Alihamia kutoka mtaa wa Wattaya na msala wake wa kusalia na dawa zake za presha, akakaa kwenye kiti karibu na mlango kama askari wa benki. Televisheni ikafunikwa kitambaa. Mimi, mwimbaji wa kwaya tangu utotoni, nilikatazwa hata kuvumisha wimbo puani nikikunja shuka. Kukunja shuka kimyakimya ni adhabu, nawaambia.

Asubuhi moja nilikuwa natafuta shuka laini ndani ya sanduku la Bi Mkubwa. Chini kabisa nikakuta picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Bwana mmoja mwembamba, kanzu na kofia, masharubu yamepinda juu, bakora mkononi, anagonga mlango. Mlango umefunguliwa kidogo tu, na kwenye uwazi ule unaonekana mkono wa mwanamke, umepakwa hina mpaka kiwikoni. Nikadhani bwana yule ni marehemu siku za ujana wake. Nikampelekea Bi Mkubwa kwa heshima zote.

"Pole, Bi Mkubwa. Mzee alikuwa mtanashati kwelikweli."

Akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akaanza kucheka, na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Akajigusa kifua kwa mkono wake mzima: taa, taa! Akajigusa juu ya mdomo, pale panapoota masharubu. Mungu wangu, yule bwana alikuwa yeye.

Halafu akakaza kidevu, akavuta pumzi, na sauti nzito ya kiume ikatoka kwa mwanamke yule aliyekuwa hawezi kuomba maji:

"Fungua mlango, mke wangu, mumeo nimechoka! Nimezunguka mji mzima, hata ndizi sikuokota!"

Kila neno lilitoka kamili. Shuka likaniponyoka.

Shangazi alitoka msalani maji ya udhu yakimdondoka. "Astaghfirullah! Nyimbo ndani ya eda? Nyumba ya msiba hii, si ukumbi wa harusi! Na hiyo picha irejeshe ulipoitoa."

Jioni binti alinieleza kwa sauti ya chini. Kabla ya kuolewa na kuja Oman, mama yake alikuwa mchezaji wa natiki huko Unguja. Ilikuwa michezo ya kuchekesha yenye nyimbo, ambayo wanawake waliwachezea wanawake wenzao. Wanaume hawakuingia, kwa hiyo msichana mrefu ndiye aliyechorwa masharubu ya masizi ya chungu. Mama yake ndiye aliyekuwa mume mwenye maneno mengi ambaye mkewe amemfungia nje, na ukumbi ulicheka mpaka watu wakashika mbavu. Posa ilipokuja, ukweni walitoa sharti moja: mchezo basi. Akakubali. Kwa zaidi ya miaka hamsini jambo hilo halikutajwa tena, na binti mwenyewe alilisikia kwa jirani.

Usiku ule sikulala upesi. Miaka yote hiyo amepika, amelea, amezika, na yule mume wa masharubu alikuwa amekaa mle ndani mzima, hajasahau hata neno. Nilijiona mdogo sana.

Mtaalamu wa matamshi, mama wa Kihindi aliyekuja nyumbani mara moja kwa wiki, hakushangaa kama mimi. Alisema wapo wanaopotewa na maneno ya kusema wakabaki na ya kuimba, na kwamba kwa njia ya wimbo mengine huweza kurudi. Tumwimbishe kila siku, akasema, na tusichelewe.

Shangazi akakataa. "Atakayejibu mbele ya Mungu si huyo mtaalamu wenu."

Nilimjibu vibaya, najua. Nilimwambia sharti hilo la kutoimba ndani ya eda amelitunga yeye, na kwamba anamfungia mgonjwa mdomo. Binti akanikanyaga mguu chini ya meza. Shangazi hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia aibu.

"Mwanangu," alisema, "weye hujui nnalolijua mimi."

Wiki mbili zikapita na taa zake.

Ikafika Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake anasoma Kurani, binti anapiga pasi, mimi nakanda ule mguu wa kulia. Bi Mkubwa alikuwa ameelekeza macho kwenye kitanda kitupu. Akaanza, lahani ni ile ile, lakini safari hii kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, inayotetemeka:

"Fungua mlango, mume wangu, mkeo nimechoka..."

Akakwama. Akarudia. Akakwama tena. Mara ya tatu akapita:

"Nimezunguka nyumba nzima... sikuoni."

Kina kilivunjika, na hakuna aliyejali. Binti aliacha pasi, akakimbilia kitandani. "Mama, taratibu, Shangazi yupo..." Mimi nikasimama katikati, tayari kwa ugomvi.

Shangazi alifunga msahafu, akaubusu, akauweka juu ya rafu.

"Mwacheni," alisema. "Hiyo si nyimbo. Analia huyo."

Akanisogeza pembeni, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika wifi yake mkono. Kisha bibi yule, aliyenikataza hata kuvumisha wimbo, akaimba. Sauti ilikuwa imepasuka, lakini lahani aliijua yote, na jibu la mke pia:

"Ngoja papo mlangoni, wakati wako haujafika."

Nikaukumbuka ule mkono wa hina.

"Nlikuwa mimi ndani ya mlango," Shangazi alisema bila kutugeukia. "Kaka yangu alikuja kunichukua mazoezini. Ndipo alipomuona huyu, na masharubu yake."

Bi Mkubwa aliulaza uso kwenye mkono ule, mkavu sasa na usio na hina, akalia mpaka mabega yakatikisika. Na katikati ya kilio, bila wimbo wowote, likamtoka jina la mumewe. Binti yake alikaa chini sakafuni pale pale alipokuwa.