Ng'ombe Aliyeinuka Kwenye Karatasi

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa afisa wa mifugo Kajiado, lakini nilipanga chumba Kitengela. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa dada mmoja mchoraji. Aliichorea kampuni ndogo ya Nairobi iliyokuwa ikitengeneza katuni za watoto za televisheni. Mimi nilidhani katuni hutengenezwa na mashine.

Jumamosi moja nikienda kuchota maji niliukuta mlango wake wazi. Ukuta mzima ulikuwa umejaa karatasi. Kila karatasi ilikuwa na visanduku sita, na kila kisanduku mchoro wa penseli. Msichana anamtafuta ng'ombe aliyepotea. Anampata amelala chini ya mgunga. Ng'ombe anainuka, wanarudi nyumbani.

"Hii ndiyo storibodi," aliniambia. "Tunapanga hadithi yote hapa kabla kitu chochote hakijasogea."

Nilisahau mtungi niliokuwa nimeushika. Niliusoma ule ukuta kama barua, kutoka kushoto kwenda kulia. Kulikuwa na upepo mle, na vumbi letu la Kajiado, na alikuwa amevichora kwa mistari mitatu tu. Lakini kitu kimoja kilinikwama.

"Huyu ng'ombe ako na shida," nilisema.

"Shida gani, daktari?" Wapangaji wote wa ploti yetu waliniita daktari, ingawa sikuwa.

"Anaamka kama farasi. Ametanguliza miguu ya mbele. Ng'ombe huinua nyuma kwanza."

Aliusogelea ukuta akaukazia macho mchoro ule, nikaogopa nimemkosea. "Mimi nimekulia mjini," alisema mwishowe. "Ng'ombe wangu wote nimewatoa vitabuni. Unaweza kunionyesha?"

Siku ya mnada wa mifugo tulipanda basi la Namanga, tukashuka Kajiado. Ng'ombe walikuwa wengi, lakini wote wamesimama. Tulingoja kwa muda wa karibu saa mbili juani mpaka jike mmoja mwekundu akachoka, akalala. Nilimwamkia mwenye ng'ombe huyo, mzee wa Kimaasai, "Sopa," akaitikia, "Ipa." Nikamweleza tunachotaka. Mzee akaegemea fimbo yake.

"Unataka nimwamshe ili huyu msichana aone?"

"Ndiyo, mzee."

Alimgusa ng'ombe kwa fimbo. Yule jike akajisukuma mbele juu ya magoti, makalio yakapanda, halafu mguu mmoja wa mbele, halafu wa pili. Mkono wa jirani yangu ulikuwa tayari unakimbia kwenye daftari, macho yake hayajamwacha ng'ombe. Mzee alipouona mchoro, alilishika daftari kwa mikono miwili na kuwaita wenzake watatu. Kisha, bila kuombwa, akangoja ng'ombe alale, akamwamsha tena.

Wiki iliyofuata jirani yangu aligonga mlango wangu jioni, ameshika rundo nene la karatasi.

"Daktari, angalia hapa kwenye kona."

Alizishika karatasi upande mmoja, akaziachia moja moja kwa kidole gumba, haraka. Yule jike mwekundu akainuka. Nilimwona akivuta uzito wake wote, ngozi ya shingo ikitikisika. Nimezalisha ng'ombe wengi, nimeona ndama akivuta pumzi ya kwanza, na nywele zilinisimama vilevile.

"Hiyo ni sekunde ngapi?" nilimuuliza.

"Mbili na kidogo."

Alikuwa amechora siku nne.

Katuni ilionyeshwa baada ya miezi mingi. Nilikuwa hotelini Kajiado, nakunywa chai, na televisheni iko juu ya kabati. Ng'ombe alipoinuka, wazee wawili waliokaa meza ya mbele waliacha kuongea.

"Huyo ameamka vizuri," mmoja alisema, akarudi kwenye chai yake.

Nilitoka nje nikatafuta kibanda cha simu, nikampigia jirani yangu. Nilimwambia maneno ya yule mzee wa hotelini. Kisha akaniomba niyaseme tena, polepole, vile yalivyosemwa.