Pasipoti Ndani ya Koti la Marehemu

Tarehe ishirini Desemba nilipoteza pasipoti, miezi minne baada ya kumpoteza mume wangu.

Binti yetu aliyeolewa Malawi aliniita nikale naye Krismasi, nisikae peke yangu na kilio. Akanionya: "Mama, njiani kuna wezi. Ficha hati zako." Nikaichukua pasipoti na kadi ya chanjo, nikazishonea ndani ya bitana ya koti la marehemu. Mwizi gani angegusa nguo ya maiti?

Wiki iliyofuata tulianua matanga. Nguo za marehemu nilizigawa mwenyewe, huku nalia.

Siku ya safari, stendi ya Tukuyu, nikapekua begi mpaka chini. Hakuna kitu. Nikamgeukia wifi yangu, aliyelala kwangu.

"Wifi, nirudishie pasipoti yangu."

"Mimi? Niende nayo wapi, Lupepo?"

Watu wakasogea. Nikasema kwa sauti kwamba ukoo wao una mikono mirefu.

Ndipo shemeji, aliyekuja kunisindikiza, akajikuna ubavu.

"Shemeji, hili koti ulilonipa lina kitu kigumu. Linanichoma tangu matanga."

Wifi akaichana bitana kwa meno. Akafungua pasipoti penye picha yangu, akaiinua juu, stendi nzima ione.